Jeraha la Mbuni na Emu: Tiba Inayoanza kwa Utulivu

Mbuni, emu, kasuari na nandu ni ndege wa nasaba ya kale ambao mfupa wa kidari chao ni bapa, usio na ule ukingo uliochomoza ambao katika kuku na njiwa hushikilia misuli ya kurukia, na kwa sababu hiyo nguvu zao zote zimo miguuni. Mbuni, ndege mkubwa kuliko wote walio hai, huweza kufikia kimo cha mita 2.7 na uzito unaozidi kilo 130, na akitishwa hukimbia kwa kasi ya takriban kilomita 70 kwa saa. Emu wa Australia, anayemfuata kwa kimo, hufikia mita 1.9 hivi na uzito wa kati ya kilo 30 na 55, nazo mbio zake hukaribia kilomita 50 kwa saa. Mwili mzito namna hiyo, ukienda kwa kasi hiyo juu ya miguu miwili tu na kugonga waya, huchanika vibaya: ngozi ya kifua, ya shingo au ya paja hufunuka na kuning'inia, misuli huonekana, na mfugaji anayefika hapo hukata tamaa papo hapo. Aghalabu hukata tamaa mapema mno, kwa kuwa ndege hawa wana uwezo mkubwa wa kujenga nyama mpya na kufunga hata majeraha mapana. Kinachowaua wengi wao ni fujo ya kuwakamata, maji yanayomiminwa pasipostahili, na haraka ya kushona jeraha ambalo lilipaswa kuachwa wazi.

Chanzo kikuu cha majeraha hayo ni uzio. Katika Australia Magharibi, uzio mrefu uliojengwa kati ya 1901 na 1907 kwa ajili ya kuwazuia sungura umekuwa pia kizuizi kwa emu, ambao katika miaka ya ukame huhama kwa makundi wakitafuta maji na malisho upande wa kusini-magharibi, na wanapoukuta waya huufuata kandokando au hujaribu kujipenyeza mpaka ngozi na miguu vikachubuka. Katika mashamba ya mbuni ya Oudtshoorn, Afrika Kusini, ambako ufugaji wa ndege hawa ulishamiri tangu miaka ya 1860 kwa ajili ya biashara ya manyoya, na katika yale machache ya Kenya, kama ya eneo la Kitengela, hatari huja zaidi pale mbwa, radi au mwanga wa ghafla unapolishtua kundi zima likakimbilia upande mmoja pasipo kuuona waya. Kasuari wa misitu ya mvua ya Queensland ana maadui wawili wapya, magari na mbwa, hasa katika sehemu kama Mission Beach, ambako barabara na makazi yamekatiza njia anazozipita kutafuta matunda. Yapo pia majeraha yaliyotoka mikononi mwa wafugaji wenyewe: hapo kale manyoya ya mbuni yaling'olewa shina lake likiwa bado lina damu, na kila tundu lililobaki ngozini likawa kidonda. Baadaye wafugaji wa Afrika Kusini walijifunza kulikata unyoya juu ya sehemu yenye damu na kuacha shina likauke kwa majuma kadhaa kabla ya kuliondoa, utaratibu uliookoa ngozi ya ndege na ubora wa unyoya uliofuata pia.

Kabla ya mtu yeyote kumgusa ndege aliyejeruhiwa, inampasa kumtazama kwa mbali na kwa muda wa kutosha, kwa maana ndege anayewindwa porini huficha maumivu yake kadiri awezavyo, na yule anayekimbia si lazima awe mzima. Novemba 1932 serikali ya Australia ilipowatuma askari wenye bunduki mbili za rashasha kwenda kuwapunguza emu waliokuwa wakiharibu ngano katika wilaya ya Campion, kilichowashangaza askari hao ni kuwaona ndege waliopigwa risasi wakiendelea na mbio zao na kutoweka vichakani. Mtazamaji makini kwa hiyo haangalii mwendo peke yake. Huangalia kama ndege anajitenga na wenzake, kama anakula, kama anaweka uzito sawa kwenye miguu yote miwili, kama anahema kwa mdomo wazi ilhali jua si kali, na kama kuna damu inayochuruzika au iliyokwisha kuganda.

Sababu ya kusisitiza utazamaji huu ni ugonjwa mmoja ambao wafugaji wengi hawaujui mpaka umewapokonya ndege, nao ni kuharibika kwa misuli kunakotokana na kukamatwa. Ndege anayekimbizwa kwa muda mrefu, kisha akakabwa na kupigana na wanaomshika, huitumia misuli ya mapaja yake kupita kiasi hata seli zake zikapasuka na kumwaga ndani ya damu protini ile inayoipa nyama rangi nyekundu, ambayo ikifika kwenye figo huzidhuru na kuufanya mkojo uwe wa rangi ya kahawia nzito. Dalili huenda zikaonekana baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa: ndege huchechemea, huketi, hushindwa kuinuka, na hatimaye hufa, ilhali jeraha lililosababisha akimbizwe lilikuwa mchubuko ambao ungepona wenyewe. Madaktari wa wanyama humtibu kwa maji ya mishipani, dawa za kutuliza maumivu, na vitamini E pamoja na madini ya seleni, lakini ndege mkubwa aliyekwisha kushindwa kusimama ni vigumu sana kumrudisha katika hali yake. Hapana budi basi kupima: je, jeraha hili lina uzito wa kumtia ndege katika hatari hiyo? Mkwaruzo usiotoa damu, usio na uchafu na usiozuia mwendo, ni afadhali uachwe na kufuatiliwa kwa macho.

Pale inapolazimu kumshika, kazi hufanywa alfajiri au jioni, kwa kuwa ndege hana tezi za jasho na hupunguza joto la mwili hasa kwa kuhema, hivyo pambano la adhuhuri humpandisha joto hadi kiwango cha kumwua. Mbuni huongozwa polepole hadi kwenye zizi dogo lenye kuta zisizopenyeza mwanga, kisha hufunikwa kichwa kwa mfuko wa kitambaa cheusi, mfano wa soksi ndefu iliyokatwa ncha, ambao mshikaji huuvaa kwanza mkononi ukiwa umegeuzwa ndani nje, akamshika mdomo, akauvuta mfuko juu ya macho na kuyaacha matundu ya pua wazi. Akishatiwa gizani, mbuni aghalabu hutulia kiasi cha kuweza kusukumwa taratibu, mtu mmoja akiwa kila ubavu na mwingine nyuma. Mbele yake hasimami mtu, kwa sababu teke la mbuni hurushwa mbele na kushuka chini, na ukucha wa kidole chake kikubwa hupasua tumbo. Emu hatulizwi sana na kifuniko cha macho. Mabawa yake ni vijiti vidogo visivyotosha kuwa mshikio kama ya mbuni, kwa hiyo mtu mwenye nguvu humkumbatia kwa nyuma, kifua cha ndege kikiwa mikononi mwake, na kumwinua kidogo ili miguu isipate pa kujisukumia. Kasuari yuko mbali kabisa na wenzake wote wawili. Ukucha wa kidole chake cha ndani hufikia sentimita 12 na umenyooka kama jambia, na watu wamekwisha kuuawa naye, kijana mmoja huko Queensland mwaka 1926 na mfugaji mmoja huko Florida, Marekani, mwaka 2019. Jeraha lake halishughulikiwi ila na daktari, naye akiwa amekwisha kumpa dawa ya usingizi.

Baada ya ndege kutulia, jambo la kwanza ni damu. Mshipa uliokatika hukandamizwa kwa shashi safi iliyokunjwa, bila kuifunuafunua kila mara kuangalia kama damu imekoma, kwa sababu kila kufunua hubandua bonge jipya lililoanza kuganda. Kwa bahati njema damu ya ndege, ambayo hutegemea sana kemikali zinazotolewa na nyama iliyochanika ili igande, huwahi kusimama pale jeraha linapokuwa la kuchanika kuliko linapokuwa la kukatwa kwa kitu chenye makali, na majeraha mengi ya waya ni ya kuchanika.

Hatua inayofuata ni kusafisha, na hapa ndipo maumbile ya ndege yanapodai maarifa ambayo mzoefu wa ng'ombe na mbuzi hana. Mapafu ya ndege hayatanuki na kusinyaa kama ya mamalia. Hewa husukumwa kupitia mapafu hayo na vifuko vyembamba vya hewa vilivyotandazwa kifuani na tumboni, ambavyo vingine huingia hadi ndani ya mifupa, na katika mbuni mfupa wa paja wenyewe una hewa inayoungana na mfumo huo wa pumzi. Maana yake ni kwamba maji yanayomiminwa kwa nguvu ndani ya jeraha lenye kina kifuani, ubavuni au kwenye paja lililovunjika yanaweza kupita moja kwa moja hadi mapafuni, na ndege akafa maji mikononi mwa anayemtibu. Mapovu yanayotokota ndani ya jeraha kila ndege anapotoa pumzi, au ngozi ya pembeni inayovimba na kutoa sauti ya mchakacho inapobonyezwa, ni ishara kwamba kifuko cha hewa kimetoboka. Jeraha la namna hiyo hufutwa kwa shashi yenye unyevu tu, hufunikwa, na ndege hupelekwa kwa daktari. Vilevile, kwa kuwa ndege hana kiwambo cha kutenga kifua na tumbo, naye hupumua kwa kuinua na kushusha kidari, anayemshika hamlalii kifuani wala hamkazi kwa kamba, hata kama ndege anafurukuta.

Jeraha la juujuu, ambalo sakafu yake inaonekana yote, huoshwa kwa wingi kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa hadi uvuguvugu, yaliyotiwa gramu 9 za chumvi kwa kila lita, yakirushwa polepole kwa bomba la sindano ili yachukue mchanga na majani. Iodini ya kuoshea vidonda au klorheksidini hutumika ikiwa imezimuliwa sana, iodini mpaka maji yawe na rangi ya chai hafifu, kwa sababu dawa kali inayoua vijidudu huziua pia seli changa zinazojenga nyama mpya. Na kwa sababu hiyohiyo haidrojeni peroksidi, ambayo watu huipenda kwa povu lake, haifai. Manyoya yanayoingia jerahani huondolewa kwa kung'olewa moja moja kuelekea upande yalikoota, huku ngozi ikishikiliwa, maana unyoya uliong'olewa huota tena baada ya majuma kadhaa lakini uliokatwa hubaki kishina mpaka ndege atakapobadilisha manyoya yake. Manyoya ya emu yana mashina mawili yanayotoka kwenye tundu moja, ni malegevu na hushika uchafu mwingi, kwa hiyo eneo linalosafishwa huwa pana kuliko linavyodhaniwa.

Shingo ya emu inahitaji tahadhari ya peke yake. Bomba lake la pumzi lina mpasuko wa asili wenye urefu wa sentimita kadhaa katika sehemu ya chini ya shingo, ambao hufunguka ndani ya mfuko mwembamba wa ngozi, na mfuko huo ndio unaomwezesha jike kutoa mlio mzito kama wa ngoma unaosikika mbali. Asiyelijua jambo hili huweza kuuona mpasuko huo ndani ya jeraha la shingo akaudhani ni dhara la waya na kuushona, au akamwaga maji ambayo huishia mapafuni. Daktari anayemlaza emu usingizi kwa gesi naye huizungushia shingo bendeji laini, ili hewa anayoisukuma isiupulize mfuko huo badala ya kuingia kifuani.

Jeraha lililochelewa kuonekana lina tabia nyingine inayowakanganya wengi. Seli nyeupe za damu ambazo katika mamalia hukimbilia kwenye uambukizo zina vimeng'enya vya kuyeyusha nyama iliyokufa, na ndiyo maana usaha wa ng'ombe au wa binadamu ni majimaji. Seli zinazofanya kazi hiyo katika ndege zina upungufu wa vimeng'enya hivyo, kwa hiyo usaha wake huwa mgumu wa rangi ya manjano, mithili ya jibini kavu. Jipu la mbuni basi halikamuliki, wala kutobolewa kwa sindano hakutoi kitu, wala mpira wa kuchuruzishia usaha haufai. Hupasuliwa na daktari, bonge lote hutolewa pamoja na utando ulioligubika, na shimo linalobaki husafishwa kila siku lijijaze kutoka chini. Dawa za antibiotiki peke yake, hata zikiwa nyingi namna gani, hazipenyi ndani ya bonge hilo, na mfugaji anayezirudia juma baada ya juma anapoteza fedha huku ndege akikonda.

Swali la kushona au kutoshona huamuliwa na umri wa jeraha, usafi wake na mahali lilipo. Jeraha la saa chache, safi, lenye ngozi ya kutosha kuvutwa bila kukazwa, hushonwa kwa dawa ya ganzi yenye kipimo kidogo kilichopigiwa hesabu, kwa kuwa ndege huathirika upesi na dawa hizo zikizidi. Jeraha lililolala usiku kucha lina vijidudu tayari, na kulifunga ni kuvifungia ndani. Ngozi ya muundi na ya kisigino imekaza juu ya kano na haina ziada ya kuvuta, kwa hiyo nyuzi hukatika pindi ndege anapopiga hatua. Katika hali hizo mbili busara ni kuliacha wazi na kulilinda, ingawa macho ya mwenye ndege hutaka kuona pengo limezibwa. Nyama changa nyekundu hulijaza taratibu, ngozi husogea kutoka kingoni, na pengo lililokuwa na upana wa kiganja huweza kufungika lote kwa majuma kadhaa. Hapa uvumilivu hufanya kazi kubwa kuliko uzi.

Kinachopakwa juu ya jeraha hakina budi kuwa cha asili ya maji wala si cha mafuta, kwa kuwa mafuta husambaa kwenye manyoya, huyashikamanisha, na kumnyang'anya ndege kinga yake dhidi ya baridi na jua. Ni jambo la kutafakari kwamba wenyeji asilia wa Australia wametumia tangu kale mafuta ya emu kutibu vidonda na maumivu ya viungo vya binadamu, na kwamba mafuta hayo yangali yanauzwa hadi leo, ilhali emu mwenyewe akijeruhiwa hayamfai yakiwa juu ya manyoya yake. Asali safi iliyotiwa kwenye shashi huweza kutumika juu ya kidonda kilicho wazi, kwani sukari yake nyingi hufyonza maji na kuvinyima vijidudu unyevu, ila lazima ifunikwe vyema isije ikavuta nzi na siafu. Marhamu zenye steroidi huepukwa kabisa, maana hupenya ngozi nyembamba ya ndege na kudhoofisha kinga ya mwili mzima. Bendeji yenyewe hufungwa mguuni kwa urahisi lakini kifuani haishiki, na popote ilipo ndege ataidonoa. Mbuni ana mazoea ya kumeza chochote kinachong'aa au kuning'inia, pini na vipande vya waya vikiwemo, kwa hiyo chuma cha aina yoyote hakitumiki kufungia.

Wenzake nao ni hatari. Rangi nyekundu ya nyama iliyo wazi huwaita ndege wengine kuja kuidonoa, na jeraha dogo likageuka shimo kwa alasiri moja, kwa sababu hiyo mgonjwa hutengwa, ila hutengwa mahali anapoweza kuwaona na kuwasikia wenzake, kwani upweke kamili humfanya azungukezunguke uzioni na kujiumiza upya. Nzi huongeza balaa katika nchi za joto: wengi hutaga kwenye nyama iliyooza, lakini yuko mmoja wa Afrika na Asia ambaye mabuu yake hula nyama hai na kuchimba ndani, hivyo jeraha hukaguliwa kila siku, mabuu hutolewa kwa koleo moja baada ya lingine, na harufu mbaya huchukuliwa kuwa taarifa ya dharura. Pepopunda, ambayo humtia hofu kila anayefuga farasi au mbuzi, haimsumbui sana ndege, kwa kuwa mwili wake una ukinzani mkubwa wa asili dhidi ya sumu hiyo.

Dawa za sindano ni kazi ya daktari, na sababu haiko katika sheria peke yake. Damu inayotoka miguuni mwa ndege huweza kupita kwenye figo kabla ya kuenea mwilini, hivyo dawa inayochomwa pajani huenda ikachujwa na kupotea kabla ya kufanya kazi, au ikazidhuru figo ikiwa ni ya aina inayozichoma. Na kwa kuwa ndege hawa hawana kidari chenye nyama ambako kuku huchomwa, daktari hutafuta misuli ya mgongoni au mshipa wa damu, wa bawa kwa mbuni, wa shingo upande wa kulia kwa emu. Anayewafuga kwa ajili ya nyama au mayai huambiwa pia ni siku ngapi zipite kabla bidhaa hizo kuliwa na watu.

Mguu uliovunjika ni habari nyingine, na ni habari ngumu. Ndege wa kilo 100 mwenye miguu miwili hana wa tatu wa kuegemea wakati mfupa unaunga, na ule mzima huchukua mzigo wote mpaka kano zake zikalegea na wayo ukafanya kidonda. Akiketi kutwa, ngozi nene ya kifua anayoikalia, ambayo kwa kawaida humtosha kwa mapumziko mafupi, huoza kwa mgandamizo, hata akitandikiwa nyasi nyingi na kugeuzwa mara kwa mara. Kwa kifaranga mdogo banzi huweza kufaulu. Kwa mbuni mkomavu aliyevunjika muundi, mfupa ukiwa umetokeza nje, daktari mwaminifu aghalabu hushauri afishwe kwa upole siku ileile, na mfugaji anayekubali anamfanyia ndege wake wema kuliko yule anayemwacha aburute kiwiliwili kwa majuma mawili akisubiri muujiza.

Ndege aliyepona harudishwi kundini ghafla. Kovu jipya ni jembamba, halijaota manyoya na lina weupe unaovutia midomo, kwa hiyo huanza kuwekwa pamoja na mwenzake mmoja mpole kwa siku kadhaa, kisha wawili, na hupelekwa kwa wengine asubuhi wakati wa kulishwa, pale ambapo kila mmoja ana shughuli yake. Kabla ya siku hiyo uzio uliomjeruhi huwa umekwisha kubadilishwa: seng'enge yenye miiba imeondolewa, waya laini umekazwa na hauna nafasi ya kupitisha mguu au kichwa, pembe kali za boma zimefanywa mviringo ili ndege anayekimbia asinaswe, na juu ya waya wa mwisho umepigiliwa ubao au kufungwa ukanda mpana wa rangi anaoweza kuuona kwa mbali hata akiwa katika mbio.